BB PP: barua ya kwanza ya Bosi

Jumamosi moja mwaka jana nafunga steshenari, naokota makaratasi yaliyoharibika kwenye fotokopi, nakuta moja limeandikwa kwa maka peni nyekundu, herufi kubwa kubwa zimelala upande kama zimechoka: BB PP. Nikajua tu ni Bosi. Bosi ndo jina tunalomwita kijana wangu wa pili, wakati huo alikuwa na miaka minne na nusu, na ni bosi kweli, humu ndani sote tunafanya anavyotaka. Nikamuuliza, baba, hii nini? Akanitazama kama nimemuuliza maji yana rangi gani.

"Barua ya bibi."

Inasemaje?

"Bibi, pipi."

Nikakaa kwenye stuli. Zitamke hizo herufi kwa Kiingereza kama wanavyoziimba huko nasari kwao: bii bii, pii pii. Yaani mtoto hajafundishwa kuandika neno hata moja, kakaa na kichwa chake akasikiliza mdomo unavyosema "bibi", akaona kumbe kuna herufi inaitwa hivyo hivyo, akaiweka mbili, kazi imekwisha. Nikapiga picha nikamtumia bibi mwenyewe wasap, yuko Muheza. Akarudisha voisi: "Mwanangu, hii namba ya gari ya nani tena? Mmenunua gari hamsemi?"

Nilicheka mpaka mteja aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho akaniuliza kama niko sawa.

Sasa kabla hujanipa hongera ya malezi ngoja niseme ukweli, huyu ni wa pili. Wa kwanza, dada yake, nilimfanyia vituko. Nilinunua zile chati za ukutani, A for Apple (tufaha lenyewe hatujawahi kununua), nikanunua madaftari ya mistari, na nasari aliyokuwa anasoma nao walikuwa wanampa homuweki ukurasa mzima wa herufi a, mtoto wa miaka mitatu, penseli anaishika kama mwiko wa ugali. Jioni nyumbani kwangu kilikuwa kilio na kifutio. Na nilikuwa najisifu kabisa kwa majirani kwamba wangu ameanza kuandika. Alipofika darasa la pili akawa anasoma kwa kasi, shule wanamsifia, mpaka siku moja kanisomea ukurasa mzima wa kitabu bila kukwama hata sehemu moja, nikamuuliza, enhe, kwa hiyo huyo sungura alifanya nini? Akaniuliza, sungura yupi?

Hiyo siku sijaisahau.

Nimeifikiria sana na nadhani tatizo linaanzia kwenye kitu kizuri. Kiswahili kimetupendelea sana kwenye kusoma. Irabu ni tano tu na kila moja ina sauti yake, haibadiliki iamke na homa iamke nzima. Silabi karibu zote zinaishia na irabu. Mtoto akishaelewa ba be bi bo bu, akaelewa ma me mi mo mu, akapita pale penye kokoto kidogo, ng', ny, dh, gh, basi amemaliza, anaweza kukusomea hata gazeti. Wenzetu wa Kiingereza wanahangaika miaka na maneno ambayo nusu ya herufi hazisemi chochote. Sisi kutamka ni bei rahisi. Ila kwa sababu ni rahisi tunadhani ndo kusoma kwenyewe, tunapiga makofi, mtoto anasoma neno ambalo hajui maana yake na hakuna anayeshtuka. Kilicho ghali kwetu sisi ni maana. Na maana haipo kwenye daftari la mistari, iko kwenye maneno ambayo mtoto ameshayasikia, ameshayasema, ameshagombana kwa ajili yake.

Kwa hiyo Bosi alipofika umri ule nikasema huyu simgusi na penseli. Nitaongea naye tu.

Kuongea kwenyewe nako nilikuwa sijui. Nilikuwa nachukua kitabu cha picha namkalisha mapajani naanza: hii nini? Simba. Hii? Tembo. Hii je? Sijui. Si nilikwambia jana! Yaani kama askari na mtuhumiwa. Sasa siku moja dukani hakuna wateja na bando lipo, napekua pekua, nikakuta habari za Mmarekani mmoja, Grover Whitehurst, yeye na wenzake walitoa utafiti mwaka 1988. Walichukua wazazi wenye watoto wa miaka miwili miwili hivi, wote wanawasomea watoto vitabu vya picha nyumbani kama kawaida yao, ila nusu wakaelekezwa namna ya kusoma: uliza maswali ambayo jibu lake siyo neno moja, mtoto akisema kitu kiongezee kidogo umrudishie, mwache yeye ndo awe msimuliaji. Nusu nyingine wakaendelea na mtindo wao. Mwezi mmoja tu. Wale watoto wa kundi la kwanza wakawa wanaongea vizuri kuliko wenzao. Nikasema mwezi mmoja hata mimi naweza, nimeshamaliza miezi mingapi ya vikoba.

Jioni hiyo hiyo nikajaribu. Kulikuwa na picha ya kuku kasimama juu ya kitanda. Badala ya hii nini nikasema, he! hapa kumetokea nini?

Kimya. Kimya kirefu, nikataka nimsaidie, nikajing'ata ulimi.

"Kuku kakasirika."

Kakasirika? Nani kamuudhi?

"Mama wa humu ndani kasema atamchinja sikukuu."

Kumbe! Kwa hiyo amepanda kitandani kujificha asichinjwe.

"Hapana mama. Amepanda ili akiruka dirishani afike."

Hadithi iliyoandikwa pale chini haikuwa hiyo hata kidogo, na kusema kweli ya Bosi ilikuwa tamu zaidi. Nilichojifunza, na sidhani kuna aliyewahi kuniambia kabla, ni kule kusubiri. Ukiuliza swali, hesabu kimoyomoyo mpaka saba kabla hujafungua mdomo tena. Sisi watu wazima tunaona kimya kama aibu, mtoto mwenzako pale ndo anapika.

Vitabu nilikuwa navitoa wapi? Hapa steshenari imenibeba. Kuna tovuti ya African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, imejaa hadithi fupi za picha kwa lugha kibao za Kiafrika, Kiswahili kimo, na ni bure, leseni yake inaruhusu kuchapa na hata kubadilisha maneno. Nikawa nachapa kwa printa ya dukani, nyeusi na nyeupe, napiga stepla, Bosi anapaka rangi mwenyewe (tembo wote kwetu ni wa kijani). Nyingine Kiswahili chake kimenyooka mno kama kimeandikwa kwa rula, pale nakata neno kwa peni naandika la kwetu. Vya kununua vipo pia msije mkasema hakuna. Mkuki na Nyota wanatoa, Mradi wa Vitabu vya Watoto upo hapa Tanzania tangu 1991, na kuna wachoraji wetu kama John Kilaka anayechora kwa mtindo wa Tingatinga, wanyama wake wamevaa mashati kabisa, Bosi anaweza kukaa na ukurasa mmoja nusu saa anatafuta nani hana viatu. Ila kitabu kipya kwa mfuko wangu ni cha mwezi siyo cha wiki, ndo maana printa.

Lakini kilichobadilisha kila kitu ni kitabu tulichokitunga wenyewe. Tulikuwa tumetoka kwa bibi Muheza, nikakunja A4 nne katikati, stepla mbili, nikamwambia haya Bosi nisimulie safari, mimi ni karani wako. Nikaandika alivyosema, sijanyoosha neno, ukurasa mmoja sentensi moja, yeye anachora juu. Basi limesimama. Mama kanunua machungwa. Dada katapika. Mimi nimekojoa. Daraja kubwa. Bibi ananiita mume wangu.

Kitabu hicho kilisomwa mpaka karatasi zikawa laini kama kanga ya zamani. Na ukurasa uliopendwa, si unaujua, ni ule wa nimekojoa, kila mgeni akija lazima asomewe, fundi bomba, mjumbe, kila mtu. Akawa anaweka kidole kwenye lile neno, ni-me-ko-jo-a, kidole kinatembea. Mimi wala sikumwambia aweke kidole.

Wiki chache baadaye tunapita ukuta mmoja huku Tabata, mkono wa kulia nimemshika yeye wa kushoto nina mfuko wa nyanya, akasimama ghafla karibu nidondoshe kila kitu. "Mama! Kojoa yangu! Wameandika kojoa yangu!"

Ukutani: USIKOJOE HAPA FAINI 50,000.

Sasa ewe mzazi unayesubiri mtoto wako asome neno la kwanza la heshima, pole. La kwangu lilikuwa hilo na alilisoma kwa sauti ya muadhini. Ila angalia alichofanya: kwenye kitabu chake imeandikwa nimekojoa, ukutani usikojoe, mbele tofauti nyuma tofauti, yeye kaona "kojo" ya katikati ni ile ile. Hakuna homuweki ingemfundisha vile.

Tangu hapo mtaa mzima ukawa kitabu. NYUMBA HII HAIUZWI (akauliza kwani nani anataka kuinunua, nikamwambia hapo kuna ndugu wamegombana, tukatunga hadithi ya hao ndugu mpaka tukafika sokoni). Vibao vya daladala, Segerea, Buguruni, Kariakoo, alizijua kwa rangi kwanza kisha kwa herufi ya mwanzo. Maandishi ya nyuma ya bajaji nayo, haya mengine unachagua yapi ya kumsomea na yapi unajifanya hujayaona. Na kanga. Jamani kanga! Tunazo kabatini miaka yote, kila moja ina picha, ina pindo, ina jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa, hicho si kitabu cha picha cha ukurasa mmoja? Nikawa namtandikia chini, tunatafuta herufi zinazofanana, halafu anauliza maana, hapo sasa namueleza mafumbo ya wanawake kwa lugha ya mtoto wa miaka minne, kibarua.

Michezo ya nyumbani nitaipitia haraka maana wengi mnaifanya bila kujua ni shule. Kuchambua mchele kwenye ungo, vile vidole viwili vinavyookota chuya kimoja kimoja, ndo vidole vya kushika penseli, kwa hiyo yule anayekaa na bibi yake jikoni anajiandaa kuandika kuliko yule wa ukurasa wa a. Donge la chapati nampa anatengeneza nyoka, nyoka tunamkunja anakuwa S, tunamchoma tunamla. Vizibo vya soda tuliandika herufi kwa maka peni tukawa tunapanga, dada yake ndo mwalimu, mkali kuliko mimi. Vibanio vya nguo, mchanga na kijiti, basi, sina zaidi ya hapo.

Ila kuna mchezo mmoja nataka nikae hapa kidogo, maana naona unapotea. Kinyume. Waliokulia mitaani miaka yetu mnakumbuka, tulikuwa tunaongea kinyume wakubwa wasielewe, unachukua silabi ya mwisho unaileta mbele: paka anakuwa kapa, meza zame, soda daso, chapati tichapa. Nilimfundisha Bosi kwenye foleni ya daladala kumtuliza tu. Siku mbili alikuwa hawezi, anasema neno lenyewe tu kwa sauti nene. Siku ya tatu kesho asubuhi haikuwa kesho tena, ilikuwa shoke. Sasa fikiria kinachofanyika kichwani hapo: mtoto hajui kusoma, hana karatasi wala penseli, lakini anachukua neno analikata vipande, anashika kipande cha mwisho anakihamisha. Walimu wa awali wanatumia manila na makofi kufundisha hicho hicho, ma-e-mbe, pwa pwa pwa, sisi tulikuwa nacho bure kwenye kombolela. Na aligundua mwenyewe kitu kilichomchekesha mpaka akalala chini, kwamba yapo maneno yanayogoma kugeuka. Mama ni mama. Kuku ni kuku. Lala ni lala. "Na bibi!" akasema. "Na pipi!"

Nadhani ile barua ilizaliwa hapo, neno lenye vipande viwili vinavyofanana. B moja na B nyingine.

Bibi naye ana mchango wake mkubwa kuliko wangu, alikuja akakaa kwetu mwezi mmoja, macho hayaoni vizuri, vitabu hashiki. Lakini umeme ukikatika tu: "Kitendawili!" Sote: "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Bosi akapayuka "Choo!" (mlango wa choo chetu ulikuwa umeng'oka). Bibi akamwambia, mume wangu, nipe mji. Akapewa Tanga, kwao, akasema hapana Tanga ninao, nipe mwingine, akapewa Dodoma, ndo akasema yai. Mtoto akakaa kimya anaifikiria yai na nyumba, nyumba na yai. Kuna mtu atakwambia hiyo siyo kusoma. Mi nakwambia yule anayeweza kuliona yai ndani ya nyumba isiyo na mlango, ukimpa ukurasa wa sungura hatakuuliza sungura yupi.

Basi tulikuwa tumebaki na tatizo moja, herufi za Kiingereza. Nasari nyingi siku hizi, hata zile zisizo inglishi midiamu, wanaanza na ei bii sii, inapendeza kwenye sherehe za kufunga shule. Serikali ilipoleta mtaala wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) mwaka 2015 kwa darasa la kwanza na la pili walirudi kwenye sauti za herufi na silabi, na mimi nakubaliana nao kabisa, maana jamani hebu angalieni: a ya Kiswahili kwa Kiingereza inaitwa ei, e inaitwa i, na i inaitwa ai. Mtoto anayesoma Kiswahili kwa majina hayo ni kama mtu aliyepewa funguo za nyumba ya jirani. Konsonanti zinakubali kidogo, ndo maana BB ikapita. Irabu ndo zinakataa, na Bosi irabu alikuwa hazitumii kabisa, haoni kazi yake.

Mwezi wa sita nikawapeleka Maktaba Kuu ya Taifa mjini, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ina sehemu ya watoto na wengi wetu tunapita nje yake kila siku na daladala hatuingii. Tumeshuka, tunatembea barabarani, Bosi kichwa juu anasoma vibao kama kawaida yake. Akasimama.

"Mama, hapa wamekosea."

Wamekosea nini?

"Wameandika bibi vibaya. Wameweka ai."

Kibao cha barabara: BIBI TITI MOHAMED. Kwa hesabu zake ilitakiwa BBTT, mwisho wa habari. Tukasimama pale jua la saa tano, dada yake amekasirika, watu wanatupita. Nikamwambia hiyo haisemi ai, hapo inasema i. Sikiliza: b, halafu i. Bi.

"Ai inasema i?"

Eeh.

"Na ile i?"

Ile inasema e.

Akafikiria. "Na ei?"

Inasema a.

"Kwa hiyo ticha anatudanganya."

Nikasema hapana baba, ticha anaziita majina yake ya shule, sisi tunaziita majina ya nyumbani, kwani wewe huko shule wanakuita Bosi? Hiyo ilimwingia. Akarudi kwenye kibao, kidole hewani: bi, bi, ti, ti. Halafu akataka kujua huyo bibi ni wa nani, nikamwambia ni mama aliyepigania uhuru pamoja na Nyerere, akauliza kama anaita watu mume wangu. Ndani ya maktaba alikaa chini na vitabu saa mbili, dada yake ndo alikuwa anamsomea, na kila ukurasa dogo anamuuliza, enhe, kumetokea nini hapo? Nimekaa pembeni najifanya naangalia simu.

Jioni akadai karatasi na maka peni ile nyekundu. Akaandika, ulimi nje, herufi bado zimelala: BIBI PIPI. Nikapiga picha nikatuma Muheza.

Bibi alijifunza kusoma miaka ya sabini kwenye kisomo cha watu wazima, tayari ni mke wa mtu, na anasoma mpaka leo kama walivyomfundisha, kwa kukata. Voisi ikaingia baada ya kama dakika kumi, nadhani alikuwa anatafuta miwani. "Bi. Bi. Pi. Pi." Kimya. Halafu, "Mume wangu, nimeisoma mwenyewe, sijasomewa na mtu."

Dakika mbili baadaye ikaingia elfu tano kwenye simu yangu, ya pipi. Bosi hajaiona mpaka leo, hiyo nimeihesabu ni ada ya mwalimu.